Kamba ya Miaka Bilioni 4.5: Jinsi ya Kuipima Ikakaa Sawa

Tangu shule zifunguliwe walimu wamenitumia picha za kamba sita za kuonyesha darasani historia ya Dunia, tangu ilipoumbika hadi leo, na katika tano dinosauri wako katikati. Mwalimu mmoja wa Kasulu kamweka mjusi wa Tendaguru, yule dinosauri aliyechimbwa Lindi, mita 20 kutoka leo. Maana yake amempa miaka bilioni mbili, enzi ambazo duniani hapakuwa hata na konokono. Mwingine, wa Tabora, hesabu zake zote zilikuwa sahihi, ila alianza kupima kutoka upande wa Dunia changa. Makosa madogo madogo yakajazana njiani, na alipofika upande wa leo binadamu hakuwa na pa kusimama.

Si uvivu. Kamba hii inaonekana rahisi, na urahisi huo ndio unaowaponza watu. Nimeitengeneza mara nne hapa Kigoma, mbili nikazitupa, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyalipia.

Kipimo ni kimoja tu, kikariri kabla hujanunua chochote: sentimita 1 ni miaka milioni 1. Basi mita 1 ni miaka milioni 100, mita 10 ni miaka bilioni 1, na milimita 1 ni miaka 100,000. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.54, kwa hiyo kamba yako ni mita 45 na sentimita 40.

## Vifaa

- Kamba ya plastiki mita 50, unene milimita 6. Chukua ile ya wavuvi, inayoelea majini. Katani usiiguse: ikilowa inavimba na kufupika, na umande wa asubuhi moja unatosha kukuharibia.
- Futi ya chuma ya fundi seremala, ya mita 5. Futi ya cherehani ina sentimita 150. Utaihamisha mara 30, na kila uhamishapo unaiba au unaongeza kidogo.
- Utepe mweupe wa pamba, mita 1 na nusu, upana wa vidole viwili. Huu ndio watu wengi wanaouacha, halafu wanakwama Hatua ya 4.
- Sindano na nyuzi za rangi tatu: nyeupe, nyekundu na bluu.
- Maka peni nyeusi isiyofutika, pamoja na kalamu ya wino yenye ncha nyembamba.
- Vibanio vya nguo 25.
- Karatasi ya manila moja ya kukatia kadi. Dukani taja neno "karatasi", la sivyo utaletewa kamba nyingine.
- Kisu, kibiriti, vigingi viwili na dumu tupu la lita 5.

## Hatua ya 1: Inyooshe kamba kwanza

Kamba mpya imekaa imezungushwa dukani miezi mingi. Ukiipima hivyo hivyo, utakuwa unapima mikunjo. Tena kamba ya plastiki ikivutwa mara ya kwanza inarefuka kidogo na hairudi yote.

Ifunge kati ya miti miwili, ivute hadi ikaze, iache ilale hapo usiku mmoja. Asubuhi ifungue, kata ncha zote mbili kwa kisu, kisha ziunguze kwa kiberiti zisifumuke. Angalia vidole, plastiki iliyoyeyuka inang'ang'ania ngozi.

Imekuwa tayari ikiwa ukiitupa chini inalala bila kujipinda kama nyoka.

## Hatua ya 2: Anzia leo

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Mantiki inakuambia uanze na mwanzo, Dunia ilipoumbika, uje hadi sasa. Usiifuate.

Sababu ni hii. Katika mita 45, hata fundi makini hukosea sentimita 5 au 10. Kosa la sentimita 10 upande wa Dunia changa halimdhuru mtu, kwa sababu matukio ya huko yameachana kwa mita nyingi. Kosa hilo hilo upande wa leo ni miaka milioni 10. Linameza historia yote ya binadamu, na Ziwa Tanganyika karibu lote. Kwa hiyo kosa lisukume kule linakoweza kuvumiliwa: anza sifuri kwenye leo, pima kurudi nyuma.

Kutoka kwenye ncha acha sentimita 20 za kufungia kitanzi. Baada ya hizo 20, chora mstari mwembamba kuizunguka kamba. Huo ndio leo. Uchore mwembamba kweli. Mstari wa maka wa milimita 2 tayari ni miaka 200,000.

## Hatua ya 3: Alama za mita, bila fundo hata moja

Lazeni kamba chini, watu wawili waishike kwa mkazo ule ule, wa tatu apime. Kila mita 1 chora pete nyeusi. Kila mita 10 chora pete tatu zilizobanana, hiyo ni bilioni. Ukifika mita 45.4, chora pete nene, acha tena sentimita 20, kata.

Wengi hupenda kupiga fundo badala ya kuchora, kwa sababu fundo linaonekana na halifutiki. Lakini fundo linakula kamba. Likila sentimita 4 tu, mafundo 45 yamekumeza mita 1 na sentimita 80, yaani miaka milioni 180. Hao ni dinosauri wote, mwanzo wao hadi mwisho wao, wamepotelea ndani ya mafundo.

Ukimaliza, rudia kupima mita 10 za mwanzo tu. Ukitofautiana na alama yako kwa chini ya sentimita 1, endelea. Ukizidisha, kuna mtu alikuwa analegeza.

## Hatua ya 4: Mita ya mwisho

Chukua muda hapa. Kama una siku mbili za kazi, moja yote iwe ya mita hii.

Tatizo ni kwamba kamba ya milimita 6 ni nene kuliko vitu unavyotaka kuvionyesha. Binadamu wa aina yetu wanajulikana tangu miaka 300,000 hivi iliyopita, kwa mifupa iliyopatikana Jebel Irhoud, Moroko. Kwenye kamba hiyo ni milimita 3, nusu ya unene wa kamba yenyewe. Ukichora kwa maka juu ya plastiki iliyosokotwa, unapata doa, na doa halisomeki.

Dawa yake ni utepe. Ufue kwanza, ukauke, uupige pasi. Pamba ambayo haijafuliwa itafupika baadaye na alama zako zitahama. Kata mita 1 na sentimita 4. Kunja sentimita 2 kila upande ili zibaki mita 1 kamili, kisha ushone chini ya kamba kuanzia mstari wa leo. Shona mishono mifupi, usiuvute. Ukiuvuta unakunjamana, nawe umerudi ulikotoka.

Sasa chukua kalamu ya wino, weka futi ya chuma juu ya utepe, na chora hivi, zote zikihesabiwa kutoka leo:

- Milimita 3: binadamu wa aina yetu.
- Sentimita 1.75: fuvu la Olduvai, lile Mary Leakey aliloliona Julai 1959.
- Sentimita 3.7: nyayo za Laetoli. Watu wa kale walipita juu ya majivu mabichi ya volkano, wakitembea wima kama mimi na wewe.
- Sentimita 6 hadi 7: ukoo wetu na ukoo wa sokwe unaachana. Paka kivuli, usichore mstari, kwa sababu jambo lenyewe halikutokea siku moja.
- Sentimita 9 hadi 12: Ziwa Tanganyika linazaliwa. Kivuli cha bluu.
- Sentimita 25: mifupa ya Rukwa, nitaieleza mbele.
- Sentimita 66: dinosauri wanaangamia, wakabaki ndege tu.

Watoto wa hapa Kigoma wataomba uweke na Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kila mwaka wananiomba. Badala ya kukataa, chukua karatasi 100 za daftari, zibane, uzipime: utapata sentimita 1 au pungufu kidogo. Karatasi moja basi ni karibu moja ya kumi ya milimita, na hiyo ni miaka 10,000. Kilimo chote, mtama wote na mihogo yote, falme na meli, vimo ndani ya unene wa karatasi moja. Ujiji ya 1871 haifiki hata sehemu ya hamsini ya karatasi hiyo. Mpe mtoto karatasi aishike pembeni, kwa ukingo, bila kumwambia kitu.

Ukifanikiwa, mtu aliyesimama na kuinamia utepe ataweza kutofautisha alama ya binadamu na ya Olduvai bila kuuliza. Akiuliza "zipi?", kalamu yako ni nene.

## Hatua ya 5: Kadi na vibanio

Hii ni nyepesi. Kata kadi za ukubwa wa kiganja, andika kila tukio, zibane kwa vibanio. Usizigundishe, hesabu za wataalamu hurekebishwa, na kadi ya kibanio unaisogeza tu.

Vipimo vifuatavyo vinatoka leo kurudi nyuma:

- Mita 1.5: mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi. Wajerumani walichimba mifupa yake kati ya 1909 na 1913, nayo imesimama Berlin hadi leo.
- Mita 2.3: dinosauri wa mwanzo.
- Mita 2.52: maangamizi makubwa kuliko yote, yaliyoufunga ule wakati uitwao Permi. Viumbe wengi wa baharini walitoweka.
- Mita 3.75: Tiktaalik, samaki mwenye mapezi yenye mifupa kama ya kiwiko, aliyefukuliwa kaskazini ya Kanada mwaka 2004.
- Mita 4.7: mimea inapanda nchi kavu.
- Mita 5.4: wanyama wenye magamba na miguu wanajaa baharini.
- Mita 5.75: wanyama wakubwa wa kwanza, laini kama jeli, wasio na mfupa.
- Mita 16.5: seli zenye kiini, kwa visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe) vya zamani zaidi vinavyokubalika.
- Mita 24: oksijeni inaanza kujaa hewani, kazi ya bakteria wa majini.
- Mita 35: miamba iliyojengwa na bakteria, Australia.
- Mita 44: chembe za madini ya zirikoni za Jack Hills, Australia, kipande cha zamani kuliko vyote vya Dunia tulichonacho mkononi.
- Mita 45.4: Dunia.

Ndugu zangu wa Tabora, ninyi mna bahati ambayo sisi wa ziwani hatuna. Mmejenga juu ya kiini cha zamani cha bara hili. Granaiti inayochomoza mashambani kwenu ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Chukua kipande cha ukubwa wa ngumi, kiweke chini ya kamba baada tu ya mita 25. Mtoto akikipakata anashika kitu kilichokuwepo kabla ya hewa tunayoivuta.

Tahadhari. Kosa la yule mwalimu wa Kasulu lilitoka hapa: alichanganya milioni na bilioni. Kabla ya kubana kadi, jiulize swali moja tu: hesabu yangu ina neno gani? Milioni zinahesabiwa kwa sentimita. Bilioni zinahesabiwa kwa mita kumi kumi. Milioni 150 ni sentimita 150, basi. Haiwezi kufika katikati ya uwanja hata ukiisukuma.

## Hatua ya 6: Matawi ya uzi

Kamba peke yake ina uongo mmoja ndani yake. Ni mstari, na mstari unamfanya mtu afikiri kwamba kila kiumbe kilikuwa kinaelekea kuwa sisi. Ndiyo maana mtoto anakuuliza: kama tulitoka kwa sokwe, mbona sokwe wa Gombe hawageuki watu?

Hatukutoka kwa sokwe wa Gombe. Sisi na wao tuna babu mmoja, naye alikufa zamani. Lionyeshe hilo kwa uzi. Kata uzi mwekundu wa sentimita 6 na nusu, ushone ncha yake moja kwenye kivuli cha sentimita 6 na 7, kisha uulaze sambamba na kamba hadi uishie kwenye mstari wa leo, ubavuni, si nyuma. Sokwe amesafiri miaka ile ile tuliyosafiri sisi. Ametumia njia nyingine.

Halafu nyani. Watu wengi, hata waliosoma, husema "binadamu alitoka kwa nyani". Aliyefika Gombe anajua kwamba nyani na sokwe wote wako pale na hawafanani: nyani ana mkia, sokwe hana. Kwenye bonde la Rukwa, kusini yetu tu, watafiti walipata taya la aina ya sokwe wa kale na jino la aina ya nyani wa kale, vyote vya miaka milioni 25 hivi, wakavitangaza mwaka 2013. Kwa hiyo wakati ule koo hizo mbili zilikuwa zimeshaachana. Uzi wa nyani ushone nje kidogo ya sentimita 25, na wenyewe uje hadi leo. Ukitazama utaona mara moja nani ni ndugu wa karibu na nani ni wa mbali.

Tawi la tatu ndilo ninalolipenda, na sijaona mtu mwingine akilitengeneza. Kwenye kivuli cha bluu, pale ziwa linapozaliwa, shona uzi mmoja wa bluu. Uache uende kidogo peke yake, kisha ufumue, uongeze nyuzi nyingine, hadi unapofika leo uwe shada la nyuzi 20. Kila uzi uhesabu kama aina 10 za samaki. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo wa kuhe na ngege, na karibu wote hawapatikani penginepo popote duniani. Wamo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaolelea vifaranga kinywani, wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Wamo hata wanaokula magamba ya wenzao, na midomo yao imepinda, wengine kulia, wengine kushoto, kulingana na ubavu wanaoushambulia. Yote hayo ndani ya sentimita kumi na mbili.

Usimtie dagaa katika shada hilo. Huyo ni wa ukoo wa samaki wa baharini, akina sardini. Wala mgebuka, huyo ni wa ukoo wa sangala. Mvuvi yeyote atakusahihisha mbele ya wanafunzi wako, nami nimeshasahihishwa hivyo pale Kibirizi, na mzee aliyekuwa anashona wavu wala hakuinua kichwa.

## Hatua ya 7: Usijaze pengo

Kuanzia mita 35 hadi mita 24 hakuna kadi. Kuanzia 24 hadi 16 na nusu hakuna kadi. Halafu mita 10 nyingine na zaidi, tupu. Waalimu huona aibu. Wanatafuta kitu cha kubana pale ili kamba isionekane imeachwa nusu, na ndivyo dinosauri wanavyojikuta katikati: walisogezwa kwa ajili ya kupendeza.

Acha. Utupu huo ni bakteria na ndugu zao, miaka bilioni juu ya miaka bilioni, matope ya kijani kwenye maji ya kina kifupi. Hao ndio waliokuwa wakazi wa Dunia kwa sehemu kubwa ya umri wake. Kamba iliyojazwa sawasawa kutoka ncha hadi ncha ni kamba ya uongo, hata ikipendeza vipi.

Utajua umefaulu mwanafunzi akilalamika: "Mwalimu, mbona huku hakuna kitu?" Mwache aendelee kutembea na swali lake.

## Hatua ya 8: Kuizungusha na kuitandika

Kamba izungushe kwenye dumu, na uanze na upande wa leo. Wengi huzungusha kinyume. Ukianza na leo, Dunia inabaki nje, na ukifika uwanjani ndiyo inayotoka kwanza, mahali mnapoanzia matembezi. Pia utepe wako, wenye kazi ya siku nzima, unakuwa ndani, mbali na vidole na vumbi.

Darasa halitoshi. Uwanja wa mpira unatosha: kwa kanuni upana wake haupungui mita 45, kwa hiyo ukinyoosha kutoka mstari wa pembeni hadi mwingine umeikaribia Dunia nzima, na kipande kinachozidi kitamalizikia nje. Ufukweni pia panafaa, ila kaa juu ya mahali mawimbi yanapofika, na fanya asubuhi. Upepo wa ziwa ukianza, kadi zinapeperuka na mchanga unafukia utepe.

Piga kigingi kila upande, ivute ikaze kama ulivyoivuta siku ya kupima. Nenda kagua kadi ya mita 10 kwa futi kabla watoto hawajafika.

Kisha tembeeni kutoka Dunia kuja leo, sekunde 10 kwa kila mita. Jumla haifiki dakika 8. Penye kadi, sema sentensi mbili. Penye pengo, nyamaza. Kutoka mita 35 hadi 24 ni karibu dakika mbili za ukimya, na kwa watoto 40 hiyo ni kazi kuliko kuipima kamba. Mkifika mwisho, msimamishe mtu mzima mmoja kwenye mstari wa leo, mwambie apige hatua moja kurudi nyuma. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 70. Mguu wake utatua ng'ambo ya kifo cha dinosauri.

## Maswali utakayoulizwa

Nani alikuwepo akapima? Shehe mmoja wa Ujiji alikuja kumchukua mjukuu wake, akasimama, akaniuliza hivyo hivyo. Ni swali zuri, usilikimbie. Baadhi ya mawe yana urani ndani yake, na urani hugeuka madini ya risasi kwa mwendo usiobadilika: aina yake moja, urani 238, huchukua miaka bilioni 4.47 kupungua nusu. Muda huo ni karibu urefu wa kamba yote. Ukipima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unajua jiwe limekaa muda gani. Kwa njia ya namna hiyo Clair Patterson, mtaalamu wa kemia wa Marekani, mwaka 1956, alipima vimondo akapata umri wa Dunia wa miaka bilioni 4.55. Olduvai walipima majivu ya volkano kwa potasi inayogeuka gesi ya agoni.

Shehe alisikiliza, akaitembea kamba yote na fimbo yake, akarudi na mjukuu. Hatukubishana kuhusu nani aliyeumba. Kamba hii inapima muda, na mzazi wa mtoto ana nafasi yake ya kuyasema mengine. Mwalimu anayeanza kubishana uwanjani atarudi darasani na nusu ya wanafunzi.

Naweza kutumia kamba fupi, tuseme mita 4 na nusu? Unaweza, lakini binadamu atakuwa theluthi ya milimita na ziwa litakuwa kama sentimita moja. Utakuwa umetengeneza kitu cha kutundika ukutani.

Mvua ikinyesha? Kamba haidhuriki, utepe ndio. Ukaushe kivulini ukiwa umenyooshwa, kisha upime upya alama ya sentimita 66. Ikiwa imehama zaidi ya milimita 5, fumua ushone mwingine.

## Kuihifadhi

Litundike dumu kwa waya kutoka kwenye kenchi ya paa. Usiliweke kabatini. Kamba yangu ya pili niliiacha stoo pamoja na gunia la mahindi, panya wakatafuna kuanzia mita 5.4 hadi karibu na Tiktaalik. Ukipatwa na hilo usiunganishe kwa fundo. Kata palipotafunwa pande zote mbili, pima kipande kipya kinacholingana na pengo pamoja na sentimita 6 za ziada, sentimita 3 zipandane kila upande, shona kwa uzi wa nyavu. Halafu rudi kwenye mstari wa leo uanze kupima tena, hadi mita 45.4.